Uhumanisti, utu wetu na yule fundi wa magari



Ndugu wazazi na walezi, leo naandika juu ya jambo ambalo nililisemea vibaya mbele ya watu, na kwa kuwa nililisema hadharani naona ni haki nilirekebishe hadharani.

Mwaka 2024, wiki chache kabla ya Ramadhani, dada yangu alinipigia simu usiku. Mwanawe mkubwa, ambaye nilimfundisha mwenyewe tangu alif na be, amekataa kuamshwa Alfajiri. Kijana yuko mwaka wa kwanza chuo kikuu, anasoma mambo ya lugha na fasihi, na amemwambia mama yake kwamba yeye sasa ni mhumanisti, na kwamba inamtosha mtu kuwa na utu. Dada alikuwa analia. Akaniuliza: "Kaka, hiyo ni dini gani tena?" Nami, Allah anisamehe, sikuwa najua vizuri, lakini sikutaka dada yangu ajue kwamba sijui.

Basi Alhamisi ile, kwenye darasa baina ya Maghribi na Isha, niliacha mada niliyokuwa nayo nikazungumzia uhumanisti. Nilisema ni dini ya kumwabudu mtu, iliyotengenezwa Ulaya na watu waliomchoka Mungu. Nikasema pia kwamba asiyemcha Mungu hawezi kuwa na utu, na ukimwona nao basi anaigiza tu. Wazee walitikisa vichwa kukubali. Sikumwona mpwa wangu, kumbe alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mahali pa viatu.

Baada ya Isha nilimkuta ananisubiri nje. Hakuwa na hasira, na bora angekuwa nayo. Alinisalimu kwa adabu, akanibebea kitabu changu kama alivyokuwa akifanya utotoni, tukatembea kidogo. Kisha akauliza:

"Mjomba, yule fundi aliyemficha babu, naye alikuwa anaigiza?"

Wasomaji wengi wa ukurasa huu hawaijui habari ya fundi, kwa hiyo inabidi niieleze.

Sisi ni watu wa Buyenzi, hapa Bujumbura. Wazee wetu walikuwa Waswahili wa mjini, wengine asili yao Ujiji, wengine Kongo, wengine Warundi waliosilimu. Baada ya Rais Ndadaye kuuawa, tarehe 21 Oktoba 1993, nchi iliingia katika vita, na mtaa mmoja baada ya mwingine ulibaki na watu wa kabila moja tu. Buyenzi ilikuwa miongoni mwa mitaa ya mwisho kubaki imechanganyika. Nyumba nyingi za Waislamu zilificha watu bila kuuliza wao ni nani. Chumba chetu cha nyuma kililala watu watatu ambao mama aliwapa kanga na kofia ili waonekane kama sisi. Lakini tusijisifu kupita kiasi, kwani Machi 1995 damu ilimwagika Bwiza na Buyenzi pia.

Zama hizo kulikuwa na siku ambazo vijana walifunga barabara zote, mji ukawa kama umekufa. Siku moja kama hiyo, mwaka 1995, baba alikuwa ametoka kupeleka nguo kwa mteja (alikuwa fundi cherehani) akakutwa mtaa usio wake. Walimuuliza kabila. Akasema: "Mimi Mswahili." Siku nyingine jibu hilo lilitosha, siku ile halikutosha. Alikimbia, akaingia kwenye gereji iliyokuwa na lango wazi. Mwenye gereji alikuwa amelala chini ya lori. Hakumuuliza jina. Alimwingiza kwenye shimo la kufanyia kazi chini ya magari, akalisogeza lori juu yake, akarudi kupiga nyundo. Vijana walipofika na mapanga aliwaambia hakuna mtu, wakitaka wapekue, lakini wasimwagie oili yake. Baba alikaa shimoni mausiku mawili. Fundi alimletea maharagwe na maji, na usiku wa tatu akamvusha mpaka karibu na nyumbani kwa njia anazozijua yeye.

Fundi yule hakuwa Mwislamu. Hakuwa Mkristo pia, ingawa alibatizwa utotoni. Alikuwa akinywa pombe, na alikuwa akisema wazi kwamba dini amewaachia wenye nafasi. Baba alipomuuliza kwa nini alihatarisha roho yake, alijibu kwa Kirundi kwamba yeye alimwona mtu anakimbia, basi.

Tangu mwaka ule, kila Idi baba alimpelekea sahani ya pilau na nyama. Nilipokuwa kijana, nimerudi kutoka masomoni na ilimu yangu bado ina joto, nilimwambia baba kwamba haifai kumtukuza mtu asiyemjua Mola wake. Baba hakujibu. Aliniwekea sinia mikononi akatangulia mbele, nami nikamfuata mpaka gereji. Fundi alipofariki, mwaka 2003, nilikataa kwenda mazikoni. Nilikuwa nimesikia fatwa moja nikaishika hiyo hiyo. Baba alikwenda peke yake na fimbo yake. Hilo ndilo jambo ambalo mpwa wangu alikuwa ananikumbusha pale nje ya msikiti bila kulitaja.

Nikamwambia: "Nipe hizo karatasi unazosoma." Akaniletea fotokopi. Wakati wa likizo ya Ramadhani ile, badala ya kutazama simu baada ya tarawehe, nilisoma. Sikupenda kila nilichokisoma, lakini kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba nilikuwa nimetukana jambo ambalo si moja. Ni kama mtu anayesema "Waarabu ni wabaya" bila kujua kama anamsema Abu Lahab au anamsema Abu Bakr.

Hebu tuanze na neno lenyewe, maana limelala ndani ya nyumba zetu. Hapa Burundi, na kwa ndugu zetu wa Kongo na Rwanda, mtoto akimaliza sekondari watu wa zamani husema "amemaliza humanite." Tulirithi msamiati huo kwa Wabelgiji, na wao waliurithi kutoka Italia ya zamani. Huko, katika karne ya 14 na 15, kulikuwa na wanazuoni waliochoshwa na masomo ya vyuo vya wakati wao, wakarudi kwenye vitabu vya kale vya Kilatini na Kiyunani. Masomo yao yalikuwa sarufi, balagha, historia, mashairi na maadili, na yaliitwa masomo ya ubinadamu, yaani masomo yanayomkamilisha mtu. Petrarca, aliyefariki mwaka 1374, huhesabiwa mmoja wa watangulizi wao. Erasmus wa Rotterdam, aliyeichapisha Injili kwa Kiyunani mwaka 1516, alikuwa kasisi. Hawa hawakumkana Mungu. Tofauti yao na ustadhi anayesisitiza nahau, balagha na adabu siioni kubwa sana.

Kwa kweli wako watafiti waliosema kwamba njia hiyo tulitangulia sisi. George Makdisi aliandika kitabu kizima juu ya hilo mwaka 1990, akilinganisha wanazuoni wa adab wa Baghdad na wale wa Italia. Hapo nilimkumbuka Miskawayh, aliyefariki mwaka 1030, na kitabu chake cha kutakasa tabia. Jina lake nililisikia masomoni, lakini hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba alichukua mengi kwa Aristotle na hakuona haya.

Na kuna la kushangaza zaidi. Mwaka 1486 kijana wa Kiitalia wa miaka 23, Pico della Mirandola, aliandika hotuba juu ya heshima ya mwanadamu, ambayo hakuruhusiwa kuitoa kwa sababu Papa aliuzuia mjadala wenyewe. Hotuba hiyo hutajwa kila mahali kama moyo wa uhumanisti wa zama zile. Inaanzaje? Inaanza kwa kumtaja Mwislamu aitwaye Abdallah, aliyeulizwa ni kitu gani cha ajabu zaidi duniani, naye akajibu kuwa ni mwanadamu. Nilipomwonyesha mpwa wangu alicheka, akasema, "Kumbe mjomba umekuja kudai mali yako." Nilicheka na mimi, lakini ni kweli kwamba msomaji wa Suratul Israa, akifika aya ya 70 ambapo Allah (S.W.) anataja kuwatukuza wanadamu wa Adam, hahitaji kwenda Italia kuambiwa kwamba mtu ana heshima. Wala aya ile haikusema Waislamu. Ilisema wanadamu wa Adam.

Tatizo langu, na nadhani ni tatizo la wazazi wengi, ni uhumanisti uliokuja baadaye. Hata neno lenyewe kwa maana ya falsafa si la zamani. Mjerumani mmoja, Niethammer, ndiye aliyelitia katika mjadala wa elimu mwaka 1808. Kisha likaanza kutumika kwa watu waliotaka maadili bila dini. Mfaransa Auguste Comte alikwenda mbali zaidi, akaanzisha dini kabisa, Dini ya Ubinadamu, yenye ibada na kalenda ya miezi 13, kila mwezi siku 28, na siku zimepewa majina ya watu wakubwa wa historia. Mtume wetu (S.A.W.) aliwekwa humo, katika mwezi wa Musa. Hii niliyoiita kwenye darasa "dini ya kumwabudu mtu" basi ilikuwapo kweli. Lakini ilikuwa ya Comte, na wahumanisti wengi wa leo wangeikimbia kuliko ninavyoikimbia mimi.

Wa leo wana njia yao. Mwaka 1933 Wamarekani 34, baadhi yao wahubiri wa kanisa la Unitaria, walitia saini tamko la kihumanisti. Mwaka 1952 vyama vya nchi mbalimbali vilikutana Amsterdam vikaunda umoja wa dunia, mwenyekiti wa mkutano akiwa mwanabiolojia Julian Huxley. Umoja huo upo mpaka sasa, na tamko lao limeandikwa upya mwaka 2002 na 2022. Wanachosema, kwa kifupi changu mimi, ni kwamba mtu anaweza kujua jema na baya kwa akili na huruma yake, hahitaji wahyi, na maisha ni haya haya. Hapo ndipo nasi tunapoachana, na sioni haja ya kulificha. Muumini hawezi kukubali kwamba mtu ndiye mizani ya mwisho ya kila kitu, kwa sababu tumewaona watu wakiishika mizani.

Jambo moja nililomwambia mpwa wangu kwa uchungu ni hili. Waliouawa mwaka 1993 na 1995, wengi wao wauaji wao hawakusimama mbele ya hakimu yeyote. Wengine walizeeka vizuri. Kama maisha ni haya haya, basi mama aliyepoteza watoto wanne hatasikilizwa milele. Mimi Siku ya Hukumu siiamini kwa sababu nilikaririshwa tu. Naiamini pia kwa sababu nimekaa na mama huyo.

Kijana alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Lakini mjomba, waliowaua nao walikuwa wakiiamini Siku ya Hukumu. Jumapili walikuwa kanisani. Na wengine si Jumapili, ni Ijumaa."

Sikuwa na jibu la haraka, na hata leo jibu nililonalo si la kumnyamazisha mtu. Najua kwamba kuamini kwa mdomo siko kuamini, na kwamba aya ya 32 ya Suratul Maidah, inayofananisha kuua nafsi moja na kuua watu wote, haina mlango wa nyuma wa kabila. Lakini nikisema "wale hawakuwa waumini wa kweli" kila ninapobanwa, yeye naye anaweza kusema "yule hakuwa mhumanisti wa kweli" kila ninapombana, na hatutafika.

Maana na wao wanabanwa. Wabelgiji waliotuletea humanite, wakafundisha Kilatini na heshima ya mtu, ndio hao hao ambao miaka ya 1930 waliandika kabila kwenye vitambulisho vya Wanyarwanda, na tunajua mwaka 1994 vitambulisho vile vilisomwa kwenye vizuizi na nani. Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, aliwasuta Wazungu juu ya hilo mwaka 1950, kwamba ubinadamu wao ulikuwa na mipaka ya rangi. Mpwa wangu alikuwa amemsoma Césaire kabla yangu, na hapo tulikubaliana bila kugombana.

Karatasi aliyoipenda zaidi ilikuwa mhadhara wa Jean-Paul Sartre, uliotolewa Paris tarehe 29 Oktoba 1945, vita vikuu vikiwa vimemalizika juzi tu. Sartre anadai kwamba falsafa yake ni uhumanisti. Kwake hakuna Mungu aliyempangia mtu awe nani, kwa hiyo mtu hujitengeneza kwa matendo yake, na anapojichagulia jambo ni kama anawachagulia watu wote. Ni maneno mazito, na kijana wa miaka 20 lazima yamlevye. Ndani yake kuna mfano wa mwanafunzi aliyemwendea Sartre wakati wa vita akiwa na shida: abaki na mama yake ambaye hana mwingine, au aende Uingereza kuungana na jeshi la kuikomboa Ufaransa? Sartre akamwambia hakuna kitabu kinachoweza kumjibu, yuko huru, achague.

Niliposoma hapo niliweka karatasi chini nikatabasamu. Mtu alimwendea Mtume (S.A.W.) akitaka ruhusa ya jihadi. Mtume akamuuliza kama wazazi wake wako hai. Akasema ndiyo. Akamwamuru arudi, jihadi yake iwe kwa hao. Swali karibu ni lile lile. Nilimwambia mpwa wangu: "Huyu profesa wako alimwacha kijana peke yake na shida yake." Akajibu: "Au alimheshimu, mjomba." Basi, mwachie neno lake. Mimi bado naona alimwacha peke yake.

Kuna uhumanisti mmoja wa jirani zetu ambao sikuutarajia. Mwaka 1967 Rais Kenneth Kaunda wa Zambia aliutangaza uhumanisti kuwa itikadi ya nchi, akataka mtu awekwe katikati ya kila mpango wa serikali. Kaunda alikuwa mtoto wa mchungaji, Mkristo wa kusali, na uhumanisti wake ulimtaja Mungu bila haya. Basi hapo napo ile fasili yangu ya Alhamisi ilianguka. Aliwapa hifadhi wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, na nchi yake iliumia kwa hilo. Lakini pia alifunga vyama vingine mwaka 1972 na kuwaweka ndani wapinzani. Mwaka 1991 alishindwa uchaguzi akaondoka kwa amani. Sijui viongozi wangapi wa kanda yetu hii wangeondoka vile.

Na kabla ya hao wote, sisi tuna utu. Mrundi anasema ubuntu, na kitu unachopewa bila malipo anasema umepewa "ku buntu." Naona lugha imeeleza hapo jambo ambalo tamko la Amsterdam limelieleza kwa kurasa. Fundi alifanya ku buntu. Hakutaka sifa, wala pepo, wala kulipwa kwa pilau.

Sasa nirudi kwenye swali la kijana, kwani nilikuwa nimelizunguka. Je, alikuwa anaigiza?

Jibu nililipata kwenye kitabu ninachofundisha watoto wa darasa la nne kila mwaka, na aibu yangu ni hiyo. Mtume (S.A.W.) aliporudi kutoka Taif, amepigwa mawe na miguu yake inatoka damu, hakuweza kuingia Makka bila mtu wa kumpa ulinzi. Alipeleka ombi kwa Akhnas bin Shariq, akakataa. Akapeleka kwa Suhayl bin Amr, akakataa. Akapeleka kwa Mut'im bin Adi. Mut'im alivaa silaha yeye na wanawe, akatoka nao mpaka kwenye Al-Kaaba, akatangaza kwamba Muhammad yuko chini ya ulinzi wake. Mut'im alikuwa mshirikina. Hakusilimu baada ya hapo pia. Alikufa hivyo hivyo, kabla ya vita vya Badr.

Na baada ya Badr, mwaka 624, mateka wa Kikureshi wakiwa mbele yake, Mtume (S.A.W.) alisema kwamba lau Mut'im angekuwa hai akamwombea hao, angewaachia wote kwa ajili yake. Imo katika Bukhari. Na anayeisimulia ni Jubayr, mtoto wa Mut'im mwenyewe, ambaye yeye alisilimu.

Miaka ishirini nimewasomesha watoto habari hiyo, nikawauliza kwenye mtihani: ni nani aliyempa Mtume ulinzi alipotoka Taif? Wakajibu, nikawapa alama mbili. Sikuwahi kujiuliza Mtume wa Allah alimwitaje moyoni mtu yule. Hakusema alikuwa anaigiza. Alimkumbuka kwa jina, mbele ya Swahaba, mtu akiwa ameshakufa katika ushirikina, na akataja deni. Vivyo hivyo kiapo cha Hilful Fudhul, waliokula Wakureshi kabla ya utume ili kumtetea mgeni kutoka Yemen aliyedhulumiwa mali yake. Mtume alikihudhuria akiwa kijana, na baada ya kupewa utume alisema angeitwa tena kwa kiapo kama kile angeitikia. Walioapa walikuwa washirikina. Na lilipopita jeneza la Yahudi alisimama, na alipoambiwa ni la Yahudi akajibu kwa kuuliza kama haikuwa nafsi.

Sisemi kwamba hayo yote yanamaanisha imani si kitu. Mut'im ni Mut'im na Jubayr ni Jubayr, na mimi ningependa mpwa wangu awe Jubayr. Lakini nimejifunza kutosema uongo kwa ajili ya dini. Nilisema asiyeamini hana utu, na baba yangu alilala mausiku mawili ndani ya utu wa mtu asiyeamini.

Nilimwambia kijana hivyo, barazani kwangu, mbele ya mama yake. Nilimwambia pia kwamba mwaka 2003 nilikosea. Hata yule niliyesikia fatwa kwake alikuwa na wenziwe wenye maoni mengine, nami sikuuliza. Dada alishangaa, kwani hajawahi kunisikia nikikiri kosa mbele ya mtoto. Mpwa wangu alisema kitu kimoja tu: "Mimi sikuacha swala kwa sababu ya Sartre, mjomba. Niliacha kwa sababu ya jinsi unavyowasema watu."

Sikulala vizuri usiku ule. Alhamisi iliyofuata nilirudi kwenye kiti kile kile nikawaeleza wanadarasa kama nilivyowaeleza ninyi, nikiwaachia ya familia. Mzee mmoja hakupendezwa, akasema nawafungulia vijana mlango. Nilimwambia mlango ulikuwa wazi tangu zamani, sisi ndio tulikuwa tumegeuka upande mwingine.

Dada hunipigia simu bado kuuliza kama nimefanikiwa. Kijana anakuja Ijumaa, hukaa mbele siku hizi. Alfajiri sina habari nayo, sijamuuliza. Anaendelea kujiita mhumanisti, na tunaendelea kubishana juu ya ile mizani, hasa baada ya chakula.

Baba yetu alifariki mwaka 2011, na ile sahani ya Idi ilikatika naye. Hakuna aliyeamua ikatike, ilikatika tu. Idi ya Ramadhani ile nilimwomba mke wangu aongeze pilau. Gereji ipo palepale, anaiendesha mtoto wa fundi, ambaye siku hizi ni mlokole na ameandika jina la Yesu juu ya lango kwa rangi nyekundu. Safari hii sinia nililibeba mimi, na mpwa wangu alibeba soda. Yule bwana alitoka chini ya gari, akafuta mikono kwa kitambaa, akalitazama lile sinia kwa muda. Kisha akasema: "Nilidhani mmetusahau."